Yohana Andrea Hyera na Kura ya Tawi la Chikongola

Baba Paroko, masheikh mliofika, ndugu, majirani, na nyie wana-Mikorosho, mashabiki wa timu yetu ya mpira, mliojaa hapa uwanjani hadi barabarani, mimi ni Amani, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo yeye mwenyewe alikwisha kunipangia kabla hajaondoka, pamoja na jambo moja aliloniagiza nisiliruke.

Baba yetu, Yohana Andrea Hyera, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Maguu, Mbinga, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Andrea Hyera na mama Jesca, wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, alipohitimu darasa la saba, na kwa kuwa nafasi ya sekondari haikupatikana, alibaki akimsaidia baba yake shamba la kahawa hadi mwaka 1977, alipomfuata kaka yake Mtwara akiwa na begi moja na mpira wa ngozi ulioshonwa kwa mkono.

Alianza kazi bandarini mwezi Julai 1977 kama kibarua wa kupakia magunia ya korosho, akaajiriwa rasmi mwaka 1981, akapelekwa mafunzo, na kuanzia tarehe 2 Mei 1984 akawa dereva wa kreni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwezi Machi 2018, na wenzake walioko hapa watakubaliana nami kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kushusha mzigo kabla hajahakikisha kila mtu amekaa mbali, hata pale mabosi walipokuwa wakipiga kelele kwamba meli inachelewa.

Tarehe 22 Oktoba 1983 alifunga ndoa na mama yetu, Zuhura, ambaye siku ya ubatizo alipewa jina la Magreth, hapa mjini Mtwara, nao wakajaliwa watoto watatu, dada yangu Farida aliyezaliwa mwaka 1985 na kuitwa jina la bibi mzaa mama, mimi mwaka 1988, na Andrea mwaka 1993, pamoja na wajukuu sita ambao wote walivalishwa jezi ya kijani ya Mikorosho kabla hawajaota meno.

Nikisema jezi mnajua ninakoelekea, kwa maana baba alikuwa mwanachama wa Mikorosho tangu mwaka 1979, akawa miongoni mwa waanzilishi wa tawi la Chikongola mwaka 1994, akawa mwenyekiti wake kuanzia mwaka 2001 hadi mauti, na kila asubuhi ya baada ya mechi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Ramadhani akaichambua timu mchezaji mmoja mmoja, kwa sauti ambayo mama alikuwa akiisikia akiwa jikoni kwetu, nyumba ya nne kutoka pale.

Alikuwa mtu mwema, lakini pia alikuwa mgumu, na ameniagiza niliseme hilo. Mwezi Oktoba 2006, nikiwa kidato cha nne na mchezaji wa timu ya vijana ya Mikorosho, timu ilikuwa ikisafiri kwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa, na siku tatu kabla ya safari kocha wa vijana, Amiri Zuberi wa Msimbati, alibandika orodha ambayo jina langu halikuwamo. Baba, ambaye alikwisha kuwaaga wenzake bandarini kwamba anakwenda kumwona mwanaye akicheza, alimfuata kocha uwanjani, akamwambia mbele ya watu, "Umeua ndoto ya mtoto wangu kwa wivu wako," naye Kocha Amiri akainama, akaendelea kukusanya mipira. Tangu siku hiyo baba hakumsalimia, akimwona anakuja alivuka barabara, na hali hiyo ilidumu miaka kumi na sita.

Kisha ikafika tarehe 11 Februari 2023, timu yetu ikiwa ya pili kutoka mkiani na mechi nane zimebaki, kocha wa timu ya wakubwa akajiuzulu baada ya kufungwa nyumbani mabao manne, na uongozi wa klabu ukaliomba tawi la Chikongola, kwa kuwa ndilo kubwa kuliko mengine, lipendekeze jina ndani ya siku nane. Wengi wenu mlikuwepo, na mnakumbuka jinsi watu walivyobishana hadi kahawa ikapoa vikombeni. Abdallah, muuza samaki wa sokoni, alitaka kocha kutoka Dar es Salaam aliyewahi kufundisha Ligi Kuu, akasema, "Tunataka jina, mchezaji akimwona kocha mwenye jina anakimbia bila kusukumwa." Sharifa, fundi cherehani na katibu wa tawi, akamjibu, "Jina lako hilo linajua kwamba beki wetu wa kulia anaficha maumivu ya goti? Amiri anajua, hawa watoto kawalea tangu wakiwa darasa la sita." Watu wakageuka kumtazama baba, kwa sababu kulitaja jina la Amiri mbele yake lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyelithubutu.

Jumapili tarehe 19 Februari, zilipohesabiwa kura, kumi na moja zilikuwa za kocha wa Dar es Salaam na kumi na moja za Amiri, ikabaki ya mwenyekiti peke yake. Sharifa ameniambia kwamba baba alivua kofia, akasema, "Mnajua mimi na Amiri hatusalimiani, na alichomfanyia mwanangu sijakisahau. Lakini mmeniuliza nani atatutoa mkiani, hamkuniuliza nani rafiki yangu. Katibu, andika Amiri."

Habari hiyo ilinikuta Masasi, ambako ninafundisha, na ndugu waombolezaji, nilishindwa kumaliza chakula kilichokuwa mbele yangu, kwa sababu Kocha Amiri hakuniacha, mimi ndiye niliyemwomba aniache. Mashindano yale yaliangukia wiki ya mtihani, mimi nilitaka kusoma, na nilimwogopa baba, nikamwendea kocha nikilia, akaniambia, "Sawa, nitakutoa, lakini baba yako umwambie mwenyewe," nami sikumwambia, na kocha akabeba matusi kwa ajili yangu miaka yote hiyo bila kunitaja. Jioni ile nilimpigia baba simu nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?" Nikamjibu, "Nilikuogopa, baba." Akasema, "Basi na mimi nina kosa," akakata simu.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Msimbati. Kocha Amiri anasimulia kwamba baba alimkuta akichora mistari ya uwanja wa shule kwa majivu, akasimama pembeni, akamwambia, "Kocha, nimekuja kukusalimu na kukuomba radhi," naye akamjibu, "Karibu, mzee, wali uko tayari," wakala pamoja na Rukia, mke wa kocha, wakazungumza mpira hadi alasiri. Amiri alikabidhiwa timu, nayo ikabaki kwenye ligi kwa pointi moja tu, na isidhaniwe kwamba baba alimpamba baada ya hapo, kwani Amiri alipofungwa mechi tatu mfululizo msimu uliofuata, alimsema kijiweni kama mnavyomjua, na safari hii alimsema akiwa amekaa naye benchi moja.

Mwezi Juni 2024 baba aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo uliotokana na kisukari, akatibiwa hapa Mtwara, na hali yake ilibadilika ghafla mwezi Aprili mwaka huu. Kocha Amiri alikuwa akija wodini kila Jumanne na Ijumaa, na alipomwambia kwamba msimu ukiisha anapumzika, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kushindania nani amrithi, baba akiwasahihisha wote kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo. Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, baba alikata roho, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa bandarini, jumuiya, majirani wa dini zote waliopika na kukesha nasi, na tawi la Chikongola lililochimba kaburi. Wiki mbili kabla hajafa baba aliniambia, "Usinirembe, na lile la Amiri lisome, watu walimdharau kwa ajili yetu." Nimelisoma, baba. Kocha Amiri, uko pale nyuma umesimama, tafadhali njoo huku mbele ukae na familia, kiti chako kipo kando ya mama.

Baba, umechoka, sasa upumzike, na Mungu akupe amani.