Jina Lililomnyanyua Baba Kanisani

Majirani na jamaa, kaka yangu Gervase ameniomba nisome mimi, Damaris, maisha ya baba yetu, kwa kuwa yeye ana kazi nyingine hapa kaburini. Sauti ikikatika mnivumilie.

Marehemu Kasisi Josias Lovibond alizaliwa Bruton, hapa Somerset, tarehe 6 Machi 1634, mtoto wa mwisho wa mfuma sufu Abel Lovibond na mkewe Thomasin. Alisoma shule ya mjini hapo. Alikuwa darasani, hajatimiza miaka kumi na mitano, habari zilipofika kutoka London kwamba mfalme amekatwa kichwa na raia wake. Mwalimu alifunga kitabu akalia mbele ya wanafunzi. Baba alitusimulia kwamba alirudi nyumbani mbio, akamkuta babu anafuma, akamshika mkono akakataa kuuachia. Tangu siku ile, mfalme na baba mzazi walikuwa kitu kimoja moyoni mwake.

Alisoma Oxford kwa taabu, kwa mkate na jibini, akapewa ukasisi mjini Wells mwaka 1661. Mwaka 1663 alikabidhiwa parokia hii yetu ya Coombe Averill, na mwaka huohuo, tarehe 14 Aprili, alimwoa Honor Cridland. Mama alipenda kumtania. Alisema Mungu ndiye huchagua wafalme, sawa, lakini Josias alichaguliwa na Honor, na asisahau. Walijaliwa watoto wawili, Gervase na mimi. Mama alifariki mwaka 1684, na Baba hakutaka hata kusikia habari ya kuoa tena.

Mwaka 1681 alichapisha kijitabu chake. Alieleza humo kwamba mamlaka ya mfalme hutoka kwa Mungu, kama mamlaka ya Adamu juu ya wanawe. Raia hamweki mfalme wala hamwondoi. Mfalme akikosea, atajibu kwa aliyemweka. Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, Bwana Humphrey Stuckey, mkulima wetu asiyeacha neno lipite, alimsimamisha mlangoni.

"Kasisi, baba akiwa mlevi je?"

"Akiwa mlevi, Stuckey, unamvua buti unamlaza. Huendi sokoni kutafuta baba mwingine."

Watu walicheka mpaka barabarani. Lakini Baba hakuwa akifanya mzaha. Mwaka 1685 vijana wetu walipobeba mundu na uma za nyasi kumfuata mwasi aliyejitangaza mfalme, Baba alisimama njiani akiwasihi warudi. Hawakurudi. Waliposhindwa vitani wakanyongwa, alikwenda kuiomba miili yao, akanyimwa. Alilia kama aliyefiwa, na bado hakumlaani mfalme aliyewanyonga. Mimi sikumwelewa wakati ule, na sidai kwamba namwelewa leo.

Kisha mfalme yuleyule akakimbilia Ufaransa, na binti yake mwenyewe akakalia kiti chake pamoja na mumewe. Makasisi wote wakaamriwa kuwaapia wafalme wapya. Baba alisema kiapo alikwisha kula, na aliyeapiwa yu hai. Tarehe 1 Februari 1690 alivuliwa parokia, baada ya miaka ishirini na saba. Aliondoka nyumba ya kasisi na vitabu vyake na kiti cha Mama, akaja kukaa nasi, mimi na mume wangu Tobias, mshona glavu.

Parokia alipewa Gervase, aliyekuwa kasisi pia. Kaka yangu aliapa. Alikuwa na mtoto mchanga, na aliniambia kwamba yeye akikataa ataletwa mgeni asiyejua kaburi la nani liko wapi. Baba hakutaka kusikia sababu. Alimwambia jikoni kwangu, mbele yangu, "Kule London binti amekalia kiti cha baba yake. Hapa Coombe Averill ni mwana. Nikifa, mtu aliyekula kiapo kile asinizike." Gervase alichukua kofia yake akatoka. Kwa miaka miwili hawakusemezana, nao wanaishi kijiji kimoja. Moyo wangu uliumia kila siku ya miaka hiyo, maana kila mmoja alikuwa akiniuliza kwa chinichini kama mwenzake amekula.

Kilichomrudisha Baba kanisani ni hamu ya zaburi. Alikaa benchi la nyuma. Kila Gervase alipofika kwenye sala ya mfalme na kuwataja wale wapya, Baba alinyanyuka kutoka magotini akasimama wima, peke yake, mpaka jina lipite. Kisha akapiga magoti tena. Ninyi nyote mlimwona. Labda hamkugundua kwamba kaka yangu hakuendelea na sala iliyofuata kabla hajasikia magoti ya Baba yakigusa sakafu.

Kiangazi kilichopita miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Tabibu alisema ni maji, yanaelekea moyoni. Alikataa kuacha matembezi yake ya jioni, na akirudi buti hazivuliki. Gervase akaanza kuja kila jioni. Alipiga goti, akamvua buti polepole, akaenda zake. Siku moja Baba alimtazama kule chini akasema, "Nilimwambia Stuckey ni baba mlevi anayevuliwa buti."

"Wewe hujalewa, Baba. Wewe ni mkaidi tu."

Baba alicheka hadi akakohoa. Lakini neno lake kuhusu mazishi hakulifuta, na Gervase hakuomba alifute.

Wiki iliyopita aliniagiza nimsomee ibada ya mazishi, yote, nisiruke kitu. Nilisoma nikijikaza. Nilipomaliza aliuliza, "Umemsikia mfalme humo?"

"Hapana, Baba."

"Nimeisoma makaburini maisha yangu yote, sikuwahi kuliona hilo. Mwite kaka yako."

Gervase alikuja mbio, mikono ina unga, maana walikuwa wanaoka. Baba alimwambia, "Utanizika wewe. Humo hamna mfalme, si wako si wangu." Kaka yangu aliinamisha uso kitandani akalia, na Baba akamshika mkono. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Novemba 1696, akiwa na miaka sitini na miwili, na ule mkono alikuwa hajauachia.

Ameacha mwanawe Gervase na mkewe Lettice, mimi na Tobias, wajukuu watano, dada yake Mercy aliyeko Bruton, na Bwana Stuckey, aliyebeba jeneza leo na kukataa kupokewa.

Sasa kaka yangu atafungua kitabu na kusoma mpaka mwisho. Baba, hakuna jina humo litakalokunyanyua. Lala.