Mama Salvina Minja na Maneno Yake Yaliyokatwa

Mama yetu mpendwa Salvina, mjane wa Thadeus Minja, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 Kibosho Kirima, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Melkior Massawe na Bibi Elifuraha. Alibatizwa kabla hajatimiza mwezi. Alikulia katika kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, akichuma kahawa na kukata majani ya ng'ombe pamoja na mdogo wake Redempta, aliyefuatana naye kama kivuli.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1968. Alipenda hesabu na alitamani uuguzi, lakini mwaka ule nafasi ilikwenda kwa kaka yake. Hakuwahi kulalamika. Alisema tu kwamba angekuwa muuguzi mkali, na wagonjwa wangepona haraka ili wamkimbie.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana, na alikaa katika jiko lile miaka thelathini na tisa. Huko ndiko alikojifunza habari za tumbo. Kila Jumatatu aliwaona wasichana wamejikunja, wengine wana siku tano hawajapata choo, na wakipewa dawa wiki inayofuata wamerudi palepale. Salvina akaanza kuwauliza, tena bila aibu, mpaka akaujua ukweli: walikula ugali na maharage siku saba, hawakunywa maji, na vyoo vilikuwa vichafu kiasi kwamba walijizuia hadi haja ikapotea yenyewe.

Alianza na maharage. Aliyaloweka tangu jioni na kumwaga maji yake kabla ya kupika, na gesi ikapungua bwenini. Akaongeza mchicha na majani ya maboga. Asubuhi alisimama mlangoni na birika, hakuna aliyepita bila kunywa kikombe cha maji ya uvuguvugu. Kisha mapapai ya bustani ya walimu yakaanza kupungua. Mkuu wa shule alipoitisha kikao kumtafuta mwizi, Salvina alinyoosha mkono. "Ni mimi. Wameyala watoto wa kidato cha pili. Na kama Mkuu anataka yabaki, aongeze dakika kumi za mapumziko na vyoo visafishwe, maana choo hakisubiri muhula uishe." Walimu walicheka hadi kikao kikavunjika. Dakika kumi ziliongezwa.

Jumamosi tarehe 22 Mei 1976 alifunga ndoa na Thadeus Minja, fundi seremala. Walijaliwa watoto watatu: Evaristo, Aika na Kindness. Mwaka 1993 Redempta alifariki akiacha mtoto wa miezi kumi na moja aitwaye Ronald. Salvina alimchukua siku ileile ya mazishi. Alimbeba mgongoni akipika, akamfulia nepi kwenye beseni la jikoni, akamsomesha hadi chuo. Baba Thadeus alitangulia mbele za haki mwaka 2009.

Alipostaafu mwaka 2014, watu walimfuata nyumbani. Hakuuza kitu. Mwenye choo kigumu aliambiwa ale papai na mboga, anywe maji, atembee, na asijizuie. Mwenye gesi au kichefuchefu alichemshiwa tangawizi. Anayeharisha alipewa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo vya kliniki, na akianza kupata nafuu, mtori mwepesi wa ndizi. Lakini kabla ya yote alihoji: kuna damu? Umekonda? Kuna homa? Tumbo limekuwa gumu? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mazungumzo yaliishia hapo. "Hilo si la kwangu. Teremka hospitali ya Mawenzi leo, usingoje kesho."

Juni 2021 Ronald alikuja kutoka Dar es Salaam na simu nzuri ya kurekodia video. "Mama mkubwa, ongea tu kama unavyoongeaga na watu. Nataka wajukuu wakukumbuke." Alivaa kitenge chake cha Pasaka akaongea mchana mzima, na aliposindikiza wageni wengine siku ile alikuwa anatabasamu peke yake. Hakuulizia tena ile video. Aliamini iko kwa mtoto wake.

Januari 2023 alisikia jirani yake Vedastus, aliyemsimamia ndoa, haendi tena shambani. Alimpelekea mtori. Alimkuta amekwisha, mashavu yameingia ndani, na juu ya dirisha kuna kopo la njano lenye picha yake yeye Salvina katika kitenge cha Pasaka.

"Hii ni nini?"

"Si dawa yako, Mama Evaristo?" Vedastus alishangaa. "Naitumia tangu Pasaka. Ile damu haikatiki."

"Damu! Tunatenganishwa na mfereji tu. Kwa nini hukuja kwangu?"

"Niliona aibu kukueleza mambo ya choo. Tena ulishasema mwenyewe kwenye simu."

Eliza, mke wa Vedastus, alimwekea video. Salvina alijiona akisema, "Ukiona damu kwenye choo..." Kisha picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyepepesa jicho, naye akaendelea: "...usiogope, lenyewe litakaa sawa." Maneno yale ya mwisho aliyasema kuhusu gesi. Aliomba aiangalie tena, na tena.

"Sauti ni yangu," alisema hatimaye. "Ila sivyo nilivyosema."

Kesho yake Vedastus alipelekwa hospitali. Uvimbe ulikuwa umetoka kwenye utumbo mkubwa na kufika kwenye ini. Alifariki tarehe 9 Februari 2023. Makaburini Eliza alimwambia Salvina mbele za watu, "Mume wangu alikuamini wewe, si kopo." Mama alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Wiki iliyofuata aliteremka Moshi mjini hadi kwenye duka alilokuwa amelifungua Ronald kuuzia makopo yale. Ronald alimchangamkia, akaagiza soda. Mama hakuigusa.

"Umekata maneno yangu ya hospitali. Kwa nini?"

"Mama mkubwa, watu hawanunui dawa inayowaambia waende hospitali."

"Vedastus amekufa."

Ronald aliangalia simu yake. "Pole. Lakini alikuwa mgonjwa tayari."

"Nilikufulia nepi kwa mikono hii, Ronald."

Ronald alihudumia mteja. Siku chache baadaye duka lilifungwa na namba yake haikupatikana tena.

Mama alipeleka taarifa serikalini, na Jumapili aliomba nafasi baada ya matangazo ya kanisani. Alisimama na kopo mkononi akasema, "Uso huu ni wangu, dawa hii si yangu. Aliyenifanyia hivi ni mtoto niliyemlea." Wapo waliomwamini, na wapo walionong'ona kwamba amegombana tu na mwenzake wa biashara. Kwa miezi miwili alipanda na kushuka njia za Kibosho kwa miguu, akiingia nyumba moja moja kuulizia makopo ya njano. Watu kumi na mmoja walimletea. Wanne aliwateremsha Mawenzi siku hiyohiyo. Mmoja wao, Pamela, aligunduliwa mapema akafanyiwa upasuaji, na leo yupo hapa kati yetu.

Lakini tangu hapo Mama alibadilika. Mgeni akitoa simu mfukoni, alinyamaza. Alimwambia Aika, "Niliyemfundisha kusema ndiye amenikata ulimi."

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Alitibiwa na kufuata masharti yote, hata ya chumvi. Eliza alianza kuja asubuhi na uji wa ulezi. Waliongea habari za migomba na bei ya mbolea, za Vedastus hawakuzigusa. Mama alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Rasimu ya wasifu huu aliisikiliza mwenyewe wiki mbili kabla ya kifo chake, Aika akimsomea kitandani. Alipofika kwenye orodha ya watoto, Mama alimsimamisha.

"Mbona ni watatu?"

"Mama, yule tena?"

"Sijamsamehe. Nimejaribu, nimeshindwa, na Mungu anajua. Lakini niliowalea ni wanne. Andika."

Mama Salvina ameacha watoto wanne, Evaristo, Aika, Kindness na Ronald, pamoja na wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ronald alipelekewa habari za msiba kwa kila namba tuliyoijua, lakini hajafika.

Ee Mungu, mpokee mama yetu, umpumzishe mahali ambapo kila neno lake litasikika lote.