Aliingia Ndani ya Korongo

Basi lilipotoka Homa Bay, mama mmoja alimwomba mwalimu aliyeketi kando yake amsomee barua ya mwanawe Nyangau, aliyekuwa masomoni Marekani. Risper, ambaye hakuombwa, alitega sikio kutoka kiti cha nyuma.

“Anasema aliingia ndani ya korongo akapiga picha.”

“Ndani ya ndege, mwalimu? Tumboni?”

“Si ndege, mama. Ni ufa wa mwamba wa mchanga, mwembamba kama mlango. Picha ndiyo hii.”

Mama aliigeuza juu chini. Risper aliona wekundu mtupu, kama koo la ng’ombe.

“Nyangau yuko wapi hapa?”

“Yeye ndiye mpigaji.”

“Basi nisomee pale anaposema alitoka.”

Mwalimu alikuwa bado anapekua ukurasa wa pili basi liliposimama Migori.