Papa Eugène Kalenga na Mizabibu ya Kakontwe

Tarehe 4 Novemba 1957, mvua ya upepo iliezua mabati mengi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Siku hiyo alizaliwa Papa Eugène Kalenga, mtoto wa tatu wa Adrien Kalenga na Anne Mujinga.

Alisoma kwa mapadre, akapata diploma ya ufundi mwaka 1977. Alitengeneza mitambo kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe hadi alipopewa pensheni mwaka 2012.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mama Martine Kabwe. Wageni walileta sufuria na vitenge. Masista walileta matawi ya mizabibu. Aliyapanda nyuma ya nyumba yao ya Kakontwe, na baada ya miaka michache familia ilikuwa na divai yake. Ilichachuka kwa chachu inayokaa yenyewe juu ya maganda ya zabibu, ikawa kali kidogo, na harufu yake ilikuwa ya mapera.

Mwaka 2014 divai ilikawia kuchachuka, na arusi ya binti yake Laure ilikuwa karibu. Akatia chachu ya paketi kutoka Lubumbashi. Kisha, kama kila mwaka, akatandaza makapi ya zabibu zilizokamuliwa chini ya mizabibu kuwa mbolea. Chachu ile ikabaki shambani. Mwaka uliofuata hakutia kitu, lakini divai ilitoka povu siku ya kwanza na kunuka ndizi.

Shemeji yake Gaston aliipenda.

"Bashemeji, hii iko bien. Weye unalilia nini?"

"Iko bien, lakini haiko ya kwangu. Iko ya paketi."

"Utaifukuza na fimbo?"

"Nitapanda fasi ingine."

"Na miaka yako hii, mzee?"

"Miaka iko yangu."

Akapanda upya upande wa Kamatanda, mbali na nyumba. Jembe, kapu na viatu vya shamba la zamani havikuruhusiwa kufika huko, visipeleke chachu ile, na yeye mwenyewe alinawa miguu kabla ya kuingia. Mama Martine alimtania: "Papa Laure, ata ya kuenda ku kanisa haunawaka miguu hivi."

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimkataza kazi nzito, yeye aliendelea. Mwaka uliofuata, mavuno ya Kamatanda yalipokamuliwa, maji ya zabibu yalitulia siku nyingi, Gaston akisema yamekufa. Yakaamka polepole. Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 Papa Eugène alionja, akampa Gaston kikombe. Gaston akakimaliza, akaomba kingine. Mapera yalikuwa yamerudi.

Alifariki hospitalini, hapa Likasi, tarehe 27 Januari 2026. Ameacha mjane, Mama Martine, watoto Laure, Ghislain na Aimée, wajukuu, na shemeji yake Gaston. Bwana ampe pumziko alilolikataa hapa duniani.

Maana siku ile ya kuonja tulidhani amemaliza. Asubuhi iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, aliomba kiti, akaketi katika shamba la zamani na jembe fupi, akaanza kukwangua udongo wenye makapi chini ya mzabibu wa kwanza.

"Na huku mapera itarudia," alimwambia Gaston, akasogeza kiti hadi mzabibu wa pili.