Siku Niliyouliza Nani Atapika Makande

Ndugu zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na kwa mtu mwenye kazi kama yangu hiyo ni sumu, maana nitaiangalia saa badala ya kuwaangalia nyinyi. Nifichieni hiyo saa ya ukutani. Hata mtu aikalie.

Kwa asiyenifahamu, mimi napanga mikutano kwenye hoteli moja kule Bloomington. Saa mbili kamili chai, saa mbili na nusu hotuba, saa nne na dakika kumi watu waende chooni. Mwaka wa kumi na moja huu. Kwa hiyo nilipoanza kupeleka Wamarekani kijijini kwetu, kwenye milima ya Upare, nikadhani kazi naijua.

Wazo lilikuwa zuri, na hilo silifuti. Wageni walale kwenye nyumba za watu. Wale makande yetu ya mahindi na maharage, watembee hadi kwenye ndiva, yale mabwawa madogo tunayogawana maji ya mashamba kwa zamu. Faida ibaki kijijini. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, akakusanya akina mama, wakapaka nyumba chokaa, wakagawana kazi. Mimi nikaandika ratiba. Niliiandika hapa Marekani, Brooklyn Park, mezani kwangu, theluji nje. Ngoma saa tisa na nusu, dakika arobaini. Kurasa sita! Sikumuuliza mtu hata mmoja.

Kundi la kwanza lilikwenda salama. La pili pia. La tatu lilipokuwa njiani kupanda mlima, shangazi akanipigia simu. Akasema mmoja wa wapishi wetu, mama wa watoto wanne, amefariki alfajiri. Alianguka tu. Kijiji kizima kiko msibani.

Sasa ndugu zangu, nawaambia nilichojibu, na naomba mtu asinisaidie kukilainisha. Nilisema, "Sasa makande nani atapika?"

Wala sikuishia hapo! Nikamwambia, "Shangazi, waombe akina mama watoke msibani kwa saa moja tu, wacheze, halafu warudi." Mimi, niliyezaliwa pale. Mimi ninayejua kwamba kwetu msiba ukiingia hakuna anayeshika jembe, sembuse ngoma. Shangazi akauliza, "Umesema nini, baba?" Aliuliza kwa upole. Halafu akakata.

Wageni walikuta nyumba zimefungwa. Wakarudi mjini siku ileile na kuandika mtandaoni kwamba nimewadanganya. Kijiji kikakaa kikao, kikasema wageni basi. Na shangazi hakupokea simu yangu kwa miezi saba. Hilo ndilo lililoniangusha. Nilikuwa naamka nimechoka, naenda kazini nimechoka, nikawa namgombeza mke wangu kwa sababu ya vijiko. Kila Jumapili napiga, inaita, inaita.

Na nyinyi... samahanini, lakini nitasema. Baadhi yenu mlinifariji humu humu ukumbini kwa kuniambia, "Watu wa kijijini ndivyo walivyo, hawajui biashara." Na mimi nikakubali! Nikala pilau yenu na kukubali. Hilo linaniudhi hadi leo, kuliko yote yaliyoandikwa mtandaoni.

Aliyenizindua hakuwa Mtanzania. Pale hotelini, jikoni, kuna dada mmoja Mmapuche, wale wenyeji wa asili wa kusini mwa Chile. Siku moja nilikuwa namlalamikia huku akimenya viazi, kila mmoja na Kiingereza chake cha kuungaunga. Akaniambia mama yake naye anapokea wageni. Milima yao ilipandwa misonobari ya makampuni, chemchemi zikakauka, vijana wakahama. Majirani waliobaki wakaamua kupokea wageni wao wenyewe, wachache, nyumba kwa zamu, ili wapate cha kuwashikilia kwenye ardhi yao. Mgeni akifika anasimama langoni mpaka mwenyeji atoke. Kuna ibada ambazo haruhusiwi kupiga picha, na nyingine haoni kabisa.

"Na msiba?" nikamuuliza.

"Lango linafungwa. Mgeni akitaka kukaa, anakaa kama majirani. Anapasua kuni."

"Na ratiba?"

Akaacha kumenya. "Ya kwenu aliandika nani?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

Nilirudi ofisini nikaitafuta ile ratiba kwenye kompyuta, nikasoma kurasa zote sita. Hapakuwa na nafasi ya mtu kuugua. Hapakuwa na nafasi hata ya mvua. Nikalia pale kwenye kiti cha kazi, na chini kuna watu mia mbili wanasubiri kahawa.

Nikaomba likizo, nikaenda peke yangu. Sikuanzia kwa shangazi. Nilianzia kwa mume wa yule mpishi, aliyebaki na watoto wanne. Nikakaa. Kigoda alinipa mwenyewe. Kesho yake nikaingia kwenye ndiva na wenzangu kuzoa tope, mikono hii ya kompyuta ikachubuka, watu wakanicheka waziwazi. Jioni shangazi ananipa chakula bila neno. Siku ya nne akasema, "Kaoge, unanuka tope." Nikajua nimeanza kusamehewa.

Kikao kilikaa tena, na safari hii nilikaa nyuma na kufunga mdomo. Walikubali wageni warudi, lakini ratiba wakaandika wao. Ni ukurasa mmoja, kwa mkono, na mstari wa kwanza unasema: kukiwa na msiba, hakuna ratiba. Kazi yangu ni kuwaeleza wageni hivyo kabla hawajapanda ndege. Asiyetaka abaki kwake. Wengi wanabaki, siwafichi. Wengine wananiandikia kwa hasira, na mimi nakasirika. Sijawa mtakatifu.

Namshukuru mke wangu kwa kuvumilia ile habari ya vijiko. Namshukuru dada wa jikoni, ambaye sasa hivi yuko kazini. Namshukuru yule mfiwa, aliyenipa kigoda nikae wakati alikuwa na haki ya kunifukuza. Ninalowaachia ni hili: sisi tulio huku, tukiwa na jambo jema la kufanya nyumbani, tuwaulize wa nyumbani kwanza, tena tusubiri watujibu.

Msimu uliopita walikwenda wageni watano, na siku ya pili ukatokea msiba. Shangazi akapiga. Nikauliza, "Nani, shangazi? Watoto wake wakoje?" Akanieleza kwa kirefu, nami nikasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na hao wageni wako hawajui kumenya ndizi. Nusu yote wanaitupa na maganda. Lakini wamekaa, baba. Wamekaa na sisi."