Mluzi Ambao Sikuuitikia

Niinueni kidogo, wanangu, niongezeeni mto mgongoni, na mmoja wenu afunge mlango wa barabarani, maana hizo pikipiki zitanimalizia pumzi kabla sijafika ninakokwenda. Hivyo. Sasa sikilizeni, na asinikatize mtu, hata wewe nesi wangu, mwenye amri kumshinda marehemu mama yako.

Ya nyumba ni mafupi. Vyumba vya chini ni vya binti yangu huyu nesi, vya juu ni vya kaka yake mshonaji, na ile cherehani nzito ibaki hapo ilipo, sakafu imeshaizoea. Hayo yameandikwa, yako kwa wakili. Ninayotaka kusema leo hayakuandikwa popote, na anayestahili kuyasikia kuliko wote ni wewe, dereva, uliyesimama hapo mlangoni kama unasubiri abiria. Umeniita baba maisha yako yote, nami ni baba yako mkubwa tu. Sogea. Keti hapa.

Zile pembe zilizo juu ya mlango wa sebule mmezifuta vumbi tangu utotoni na kuwaringia wageni. Nitawaambia zilivyopatikana.

Ulikuwa msimu wangu wa mwisho wa kuwinda kwa upinde, mimi na mdogo wangu, kule juu milimani ambako miti inaisha na kubaki majani, mawe na ukungu. Majuma matatu tulipanda na kushuka mikono mitupu. Mimi niliweza kukaa nyuma ya jiwe asubuhi nzima bila kujikuna, naye akinicheka: “Kaka, siku utakayokufa hatutajua, tutadhani unawinda.” Mnaona, hata sasa nataka kucheka, kifua ndicho hakitaki.

Mwindaji wa upinde ana sharti moja. Mshale ukishampata mnyama, humfuati. Unakaa. Unakaa mpaka jasho likukauke na baridi ikuingie, kwa sababu mnyama aliyechomwa akiachwa atalala karibu na hapo afe, lakini akisikia sauti ya mtu atapata miguu ya kuvuka bonde zima, na humwoni tena. Hukohoi, huitiki. Asubuhi ile ukungu ulifunguka nikamwona dume la mbuzi mwitu, mshale ukamwingia nyuma ya bega, akapotelea kwenye mawe. Nikakaa. Ndipo nikasikia mluzi wa mdogo wangu kutoka upande wa genge la mawe.

Alipiga mara moja. Nikajisemea, ana haraka huyu, kama kawaida yake. Akapiga tena, mrefu. Mara ya tatu mluzi ulikatika katikati, na hapo nilijua, wanangu. Asinitetee mtu. Nilijua, nikatazama damu kwenye majani, nikakaa mpaka muda wangu ukatimia. Nilimfuata mbuzi kwanza. Kisha nikamkuta ndugu yangu chini ya genge, ameulalia upinde wake uliovunjika, na mwili bado una joto. Joto lile ndilo ninalolala nalo.

Mama yako, dereva, alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Aliniuliza swali moja tu: “Hakukuita?” Nikasema, “Hakuwahi, shemeji. Upinde ulivunjika alipouvuta, ukamtupa.” Uongo ule ulinitoka bila kuutafuta, na ukamwangukia aliyeuchonga ule upinde.

Fundi alikuja hapa, kofia mkononi. “Nionyeshe tu pale ulipovunjika, bwana. Nikiona nitajua kosa langu, nisilirudie.” Nikamwambia nimeuchoma. Wawindaji wakamhama mmoja mmoja, na hadi leo anasuka viti nyuma ya soko, na ninyi mmekua mkipita mbele ya mlango wake bila salamu. Chuki ile si yenu. Niliishona mimi, nikawavalisha mkiwa wadogo.

Maji... Basi, inatosha.

Sikuuchoma. Uko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki, ndani ya blanketi. Mpelekee, dereva, wewe mwenyewe. Upinde unaovunjika kwa kuvutwa hupasuka upande wa nje, nyuzi za mti zikasimama; huu umepondwa kwa ndani, ulipokutana na jiwe. Ataona kabla hujakaa. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Mwambie niliyoyasema, kisha nyamaza, aseme yeye. Na uende leo, usingoje nife, maana msiba huwatia watu adabu, na mimi sitaki anisamehe kwa adabu.

Pembe zishusheni. Ukuta ubaki na misumari yake.

Hunijibu, mwanangu. Sawa. Kunyamaza nilianza mimi, na mimi nilikuwa na mbuzi tu wa kumlinda. Sikuombi neno.

Ninyi wengine, sogeeni, nipeni mikono. Mungu awape masikio mepesi. Mkiitwa, itikeni, hata kama mko katikati ya kazi, hata kama kazi itaharibika... iharibike. Watoto wenu wasikae na swali moja maisha yao yote. Sina baraka nyingine... hiyo ndiyo...

Nani anavuta sanduku? Ni yeye? Mwacheni, msimsaidie... ni jepesi.

Dereva. Ukifika pale kona, kabla ya soko... piga mluzi. Mmoja tu. Dirisha... fungueni dirisha.

Mara hii nitaitika.