Mkebe wa Vyeo wa Fundi Ngumbao

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Changamwe, asiyeamini kwamba marehemu mjomba wangu, Ngumbao wa Garama, aliwahi kumwamuru jenerali mzima wa Kizungu asipumue, na jenerali akatii, na aondoke sasa hivi akawasaidie kina mama kuosha sufuria, kwa sababu ninayoyasoma ni kweli, na mimi Kahindi, mpwa wake, nimechaguliwa kuyasoma si kwa elimu, maana mimi na darasa la nne tuliachana kwa wema, bali kwa sauti, ambayo hata walioko Kipevu wanaisikia.

Marehemu alizaliwa Kaloleni, mtoto wa pili wa Mzee Garama na Mama Kafedha, siku yenyewe hakuna aliyeiandika, ila alibatizwa Jumapili tarehe 4 Juni 1916, akiwa ameshaota meno mawili, kwa hiyo wajuzi wa hesabu wapige hesabu. Mwaka 1925 aliingia shule ya misheni huko Ribe, akasoma miaka mitatu, akatoka kwa kuwa cherehani ya mke wa mchungaji ilimvuta kuliko mahubiri ya mchungaji mwenyewe, wala hakujuta, wala mimi sijajuta, Mwalimu uliyekaa pale nyuma usinitazame hivyo.

Mwaka 1934 alishuka Mombasa, akajifunza kazi kwa fundi mmoja kisiwani, na tarehe 9 Desemba 1939 akamwoa Kache katika kanisa la Jomvu, wakajaliwa binti mmoja, Nyamvula, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1946, ambaye mnaye hapa.

Machi 1947 alipata kibali cha kushona sare katika kambi ya jeshi ya huku bara, na hapo ndipo ulipoanza ule mkebe ambao, msijifanye, nusu yenu mmekuja kuuona. Afisa akipandishwa cheo, koti lake huletwa kwa fundi, alama za zamani zikafumuliwa, mpya zikashonwa, na marehemu akamwambia kila mmoja, kwa adabu lakini bila kupepesa macho, kwamba kwa mafundi wa pwani kipande kinachobaki ni cha aliyekifumua. Kapteni alipokuwa meja aliacha nyota zake, brigedia alipokuwa jenerali aliacha taji lake, ikawa wakubwa wa ulinzi wanaopigiwa saluti mpaka Nairobi, udogo wao umelala katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha Mgiriama.

Tarehe 17 Februari 1958 jenerali mmoja aliyekuja kukagua kambi alinaswa kola na msumari wa mlango, kile kitambaa chekundu cha ukubwa kikaning'inia kama ulimi wa mbuzi, na gwaride limekwishajipanga juani, marehemu akamshonea kingine koti likiwa mwilini, akamwambia, "Bwana mkubwa, usipumue, sindano haijui cheo," na yule bwana akajikaza mpaka akawa mwekundu kuliko kola yake, na kitambaa kilichochanika kikaingia mkebeni.

Lakini kitu alichokitaka kwa ukaidi hakikuwa cha jenerali. Mwaka 1957 kiliwekwa cheo cha efendi, cha Waafrika peke yao, juu ya sajini, chini ya kijana yeyote wa Kizungu mwenye nyota moja, na marehemu akasema, "Hiki nacho kitafumuliwa, na kikifumuliwa kitakuja kwangu," majirani wakamcheka, wakamwambia, "Fundi, utaingoja hiyo alama na meno yataisha," naye akangoja, hata mwaka 1961 cheo hicho kikafutwa, efendi mmoja akawa luteni kamili, koti likaletwa hapa, alama ikafumuliwa, ikawekwa juu ya zote.

Mwaka huu afisa mmoja anayerudi kwao Ulaya alitaka mkebe wote kwa baiskeli mpya, marehemu akamjibu, "Baiskeli ina magurudumu mawili, mkebe huu una majenerali watatu," ila Mjomba Fondo, kaka yake mkubwa, anasema yule afisa bado hajasafiri, na kwamba baada ya matanga mkebe na cherehani virudi kwa ukoo Kaloleni, kwani mjane ana kazi gani na sindano ya jeshi, na mimi nasema baiskeli yenyewe Mjomba hajui hata kuipanda.

Oktoba mwaka huu marehemu alishikwa na homa ya mapafu, tarehe 28 akavushwa kwenda hospitali kisiwani, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 5 Novemba 1963, wiki tano kabla ya uhuru. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa na wa Jomvu Kuu walioleta kuni na mikeka bila kuombwa, na askari wa kambi waliotupa lori. Ulale pema, Mjomba, uhuru tutakusimulia.

Msinyanyue jeneza kwanza. Kuna ugonjwa nimeuruka, kwa kuwa yeye mwenyewe alituapisha tuufiche, akihofia kambi itamnyang'anya kibali. Tangu Machi 1960 marehemu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hakuweza hata kutunga uzi, na makoti yote yaliyoletwa kuanzia siku hiyo yalishonwa nyuma ya pazia na mkewe Kache, mimi nikiyarudisha kambini na kuwaambia maafisa, "Fundi anawasalimu." Ile alama ya efendi marehemu hakuiona, aliipapasa kwa kidole gumba, akauliza ni ya rangi gani, na aliyemjibu ndiye aliyeifumua. Mjomba Fondo, shikamoo, utanichapa baadaye, lakini watu hawa wote wamesikia, na ndani ya nyumba hii yapo makoti mawili ya kambi yanayotakiwa Jumatatu, Kache ndiye atakayeyashona, na cherehani haiondoki.